Kutoka Tambara Hata Noti

Katika magharibi ya jimbo la Massachusetts, huko Marekani, upo mji mdogo uitwao Dalton, uliojengwa kando ya tawi la mashariki la mto Housatonic, na katika mji huo, tangu mwaka wa 1879 hata siku hizi, hutengenezwa karatasi inayopigwa chapa kuwa noti za dola za nchi ile. Karatasi hiyo haina unyuzi wa mti ndani yake. Robo tatu yake ni pamba na robo moja ni kitani, kwa hiyo ashikaye noti ya dola ameshika nyuzi zile zile zinazofumwa kuwa shati na shuka. Pamba hiyo hutoka wapi? Wengi wetu tukiulizwa tutasema shambani, na jibu hilo ni la kweli lakini lina upungufu, maana kati ya shamba na noti ipo safari ndefu, na kwa muda mrefu safari hiyo ilipita katika miili ya watu: pamba ilivaliwa kwanza, ikafuliwa, ikachakaa, ikatupwa, ndipo ikawa fedha. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuisimulia tarikhi ya karatasi ya noti bila ya kusimulia tarikhi ya mavazi, kwani kila mavazi ya watu yalipobadilika, karatasi ya fedha yao ilibadilika nyuma yake.

Wa kwanza kuitia fedha katika karatasi walikuwa Wachina. Serikali ya ufalme wa Song ilianza kutoa hati za fedha huko Chengdu katika mwaka wa 1024, na baadaye, katika zama za Wamongolia, noti za China zilifanywa kwa ganda la mforosadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Wamongolia waliotawala Uajemi walitaka kuiga mfano huo, na mwaka wa 1294 Ilkhani Gaykhatu akaamuru noti zitumike Tabriz; lakini watu wa soko walifunga maduka yao, biashara ikasimama, na amri ikatanguliwa kabla ya miezi mingi kupita. Karatasi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kukaa katika nchi za Kiislamu tangu karne ya nane, kwanza Samarkand kisha Baghdad, na mafundi wa huko waliifanya kwa matambara ya kitani na kamba kuukuu. Ujuzi huo uliingia Hispania na Italia, na kutoka huko ukaenea, na kwa karne nyingi Ulaya haikujua karatasi nyingine ila ya matambara.

Basi Benki ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka wa 1694 na kuanza kutoa noti, ilizitoa juu ya nguo kuukuu za Waingereza, ambazo wakati huo zilikuwa za kitani. Mkimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, Henri de Portal, aliyekuwa na kinu cha karatasi kando ya mto Test katika Hampshire tangu mwaka wa 1712, alipewa katika mwaka wa 1724 kazi ya kuitengenezea benki hiyo karatasi, na kazi ikabaki katika nyumba yake kizazi baada ya kizazi. Tambara la kitani lilikuwa bidhaa adimu kiasi ambacho leo ni taabu kukifikiri. Sheria za 1666 na 1678 zilikataza maiti kuvikwa sanda isiyokuwa ya sufu. Madhumuni yake yalikuwa kuwanufaisha wenye kondoo na wafumaji wa sufu, lakini pamoja na hayo kitani ambacho kingaliingia kaburini kilibaki juu ya ardhi, na wenye vinu vya karatasi walikuwa miongoni mwa waliofaidika. Karatasi ya benki, aidha, ililindwa kwa roho za watu. Tangu mwaka wa 1797, benki ilipoacha kulipa dhahabu ikaanza kutoa noti ndogo za pauni moja na mbili ambazo ziliingia mikononi mwa watu wa kawaida, hata mwaka wa 1821, watu zaidi ya 300 walinyongwa kwa kughushi noti au kwa kuzipitisha sokoni. Sioni udhuru wa ukatili ule.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, koloni la Massachusetts lilikuwa limetangulia wote katika nchi za Magharibi kutoa noti za serikali, mwaka wa 1690, lilipokosa fedha ya kuwalipa askari waliorudi mikono mitupu kutoka vita vya Quebec. Miaka themanini na mitano baadaye, makoloni yalipomwasi mfalme, Paul Revere, sonara wa Boston, alichonga mabamba ya shaba ya noti za waasi, na karatasi akainunua kwa Stephen Crane, mwenye kinu huko Milton. Mtoto wa Stephen, jina lake Zenas, ndiye aliyesafiri kwenda magharibi kutafuta maji safi yasiyokauka, akayakuta Dalton. Na kabla kinu chake hakijasimama sawasawa alitia tangazo katika gazeti la mji jirani wa Pittsfield, mwaka wa 1801, akiwasihi wanawake wa sehemu zile wasiyatupe matambara yao bali wayaweke akiba na kuyapeleka kwa mwenye duka aliye karibu, nao watalipwa bei nzuri. Alikuwa na ardhi, alikuwa na mto, na mafundi angeweza kuwapata. Alichokikosa kilikuwamo katika vikapu vya nyumba za watu.

Matambara yaliyotiwa vikapuni mwaka ule yalikuwa aghalabu ya kitani, kilichosokotwa na kufumwa nyumbani. Wajukuu wa wanawake wale walivaa pamba. Mwaka wa 1793 Eli Whitney alikuwa ametunga mashine ya kuchambua pamba, iliyoondoa taabu ya kutenga nyuzi na mbegu kwa vidole, na mashamba ya majimbo ya kusini yakatanuka kwa kasi isiyopata kuonekana, kwa jasho la watumwa, ambao walikuwa karibu laki saba katika mwaka wa 1790 na ambao kufikia mwaka wa 1860 walikaribia milioni nne. Pamba waliyoichuma ilipakiwa kwenda Lancashire, na sehemu yake ikapanda kaskazini mpaka viwanda vya Massachusetts, vilivyofuma nguo nzito isiyochujwa rangi, kwa bei ambayo kitani hakikuweza kushindana nayo. Kinu cha Dalton kikala kilichokuja: kitani kikapungua robotani, pamba ikazidi.

Nguo ile sisi wa pwani tunaijua kwa jina lake. Ndiyo merikani. Baada ya mkataba wa mwaka wa 1833 baina ya Sayyid Said na Wamarekani, matajiri wa Salem, mji wa jimbo hilo hilo la Massachusetts, waliileta Unguja majora kwa majora, wakachukua pembe na sandarusi, na kutoka bandari za Mrima wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani mpaka Tabora na Ujiji. Bara hapakuwa na sarafu iliyokubaliwa kila mahali. Iliyokubaliwa ilikuwa nguo, pamoja na ushanga na masango. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na kwa shuka na doti hizo msafara ulinunua mtama na kuku, ulilipa posho za wapagazi, na ulitoa hongo kwa watemi wa Ugogo ili upewe njia na maji. Upana wa nguo ulipimwa, uzito wake ulishikwa kwa vidole, na mfumo wake ukatazamwa dhidi ya jua, kwa uangalifu ule ule ambao karani wa benki huitazama noti asiyoiamini. Naomba msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Katika miaka ile ile, nguo ya pamba ya Massachusetts ikiwa nzima ilikuwa fedha Unyamwezi, na huko Massachusetts ikiisha kuchakaa ilikuwa karatasi ya fedha. Na asili ya yote mawili ilikuwa shamba la Georgia au la Mississippi, ambako aliyeichuma pamba hiyo hakulipwa ujira.

Kati ya kikapu na noti palikuwa na chumba cha matambara, na chumba hicho kilikuwa cha wanawake. Robota zilifunguliwa, na matambara yakamwagwa juu ya meza ambazo uso wake ulikuwa wavu wa waya, ili vumbi na uchafu vianguke chini. Katika kila meza ulisimamishwa wembe mrefu wenye umbo la mundu, na msichana aliyesimama mbele yake alilivuta tambara juu ya makali yale, akakata mishono migumu, akaondoa vifungo na vishikizo vya chuma, akapasua kilichobaki vipande vipande vya kadiri ya kiganja, na kuvitupa katika masanduku kwa daraja zake, vyeupe mbali, vya rangi mbali, vizito mbali na vyembamba mbali. Kifungo kimoja kilichosahauliwa kingeweza kutia doa au tundu katika karatasi nyingi. Hewa ya chumba ilijaa vumbi la nguo, na nguo zenyewe zilikuwa zimevaliwa na watu wa kila hali, wazima na wagonjwa, hata miji mingi iliyaogopa matambara ya kigeni kwa hofu ya ndui na kipindupindu. Herman Melville, ambaye wakati huo alikuwa akikaa Pittsfield, alikwenda Dalton katika majira ya baridi ya mwaka wa 1851, akaingia katika kinu kimoja kisichokuwa cha akina Crane, na katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka wa 1855 akawaonyesha wasichana wa kazi ile, weupe mithili ya karatasi waliyoitengeneza. Katika vitabu vinavyosifu ufundi wa noti, wasichana hao ni nadra kutajwa, na mimi naona kwamba kuwaacha ni kuiacha nusu ya habari.

Vipande hivyo vilichemshwa kwa chokaa au magadi makali hata mafuta na uchafu vikatoka, vikaoshwa, vikatiwa katika birika la mashine iliyobuniwa na Waholanzi, ambayo gurudumu lake la mabamba ya chuma liliupiga mfumo wa nguo kwa saa nyingi mpaka kila uzi ukarudi kuwa nyuzinyuzi zinazoelea majini. Zamani noti nyeupe ilihitaji tambara jeupe, lakini mwanakemia Scheele alipoigundua klorini katika mwaka wa 1774, njia ilifunguka ya kuyafanya meupe hata matambara ya rangi. Uji ule ulimwagwa juu ya wavu, maji yakachuja, nyuzi zikashikana, na karatasi ikachovywa katika gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ili isinywe wino na iwe ngumu mkononi.

Lakini dunia ilikuwa ikisoma zaidi kuliko ilivyokuwa ikichakaza nguo. Magazeti yaliongezeka, shule ziliongezeka, na matambara hayakutosha. Wamarekani waliyanunua Italia, katika bandari ya Livorno, na hata Misri. Ndipo mwaka wa 1844 Friedrich Gottlob Keller, Mjerumani wa Saxony, akavumbua namna ya kusaga mti kuwa uji wa karatasi, na katika miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hata 1865, vilivyoikatisha biashara ya pamba na kuipunguza merikani katika soko la Unguja, magazeti yalianza kuhamia karatasi ya mti moja baada ya jingine. Fedha haikuhama. Mti una kitu kiitwacho lignini, ambacho huifanya karatasi ya mti uliosagwa igeuke manjano na kukatika ikipigwa na mwanga, na nyuzi za mti ni fupi. Pamba ni selulosi karibu tupu, nyuzi zake ni ndefu na hupindana, na kwa hiyo noti huvumilia kukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kabla ya kupasuka. Hata ile kalamu ya kutambulia noti bandia, ambayo huonekana mikononi mwa washika fedha wa maduka, yategemea tofauti ya karatasi hizi mbili: ina aidini, na karatasi ya kawaida iliyotiwa wanga huiva nyeusi inapoguswa nayo, lakini karatasi ya noti haina wanga.

Serikali ya Marekani ilitoa noti zake za kijani katika mwaka wa 1862, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka wa 1879 kijana wa miaka 26, Winthrop Murray Crane, mjukuu wa Zenas, alikwenda Washington akaipata zabuni ya karatasi yake. Kijana huyo alikuja kuwa gavana wa Massachusetts na kisha seneta. Nyumba yake ilikuwa na ujuzi wa kutia nyuzi za hariri ndani ya karatasi tangu mwaka wa 1844, na vinyuzi vidogo vyekundu na vya samawi bado huonekana katika noti ya dola kwa mwenye kuitazama karibu.

Huku kwetu noti ilifika pamoja na kodi. Utawala wa Wajerumani uliwatoza watu kodi ya kibanda ya rupia, na tangu mwaka wa 1902 uliwalazimisha wenyeji wa kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa malipo duni. Katika mwaka wa 1905 benki ya koloni ilitoa noti zake za kwanza za rupia, zilizopigwa chapa Ujerumani. Na mwezi wa Julai wa mwaka huo huo, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza, vilivyowaua makumi elfu kwa makumi elfu, wengi wao kwa njaa. Sisemi kwamba pamba ya Umatumbi iliingia katika noti zile. Nasema kwamba mkulima aliamriwa kuilima pamba ili apate fedha ambayo hakuihitaji mpaka alipotozwa kodi, na fedha yenyewe ilikuwa pamba iliyotoka ng'ambo. Unguja nayo ilipata noti zake za rupia mwaka wa 1908, zilizochapwa London na nyumba ya Waterlow. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walipozingirwa na merikebu za adui na karatasi ya Ulaya ikawa ghaibu, walichapa noti hapa hapa, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana, na mwishowe porini kwa mihuri ya mpira; na mwaka wa 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakapiga sarafu za dhahabu zenye picha ya ndovu. Mwenye kuzitia noti zile za porini mikononi leo huona mara moja zilivyo dhaifu, kwani hazikuwa na damu ya nguo ndani yake.

Karne ya ishirini ilileta nailoni na polista, na tambara la kuvaliwa likaanza kuwa hatari kwa kinu cha noti. Shati lililochanganywa pamba na polista halichemki likawa uji mmoja. Kwa hiyo watengenezaji waliyaacha matambara ya nyumbani wakaenda kwa washonaji, wakanunua vipande vipya vinavyobaki chini ya mkasi wa viwanda vya nguo, na mavazi ya kazi ya Marekani, suruali za jinzi, yakawa rafiki yao mkubwa: kwa miaka mingi karibu thuluthi ya pamba ya Dalton ilitoka katika mabaki ya jinzi, yaliyopaushwa hata buluu yote ikatoka. Kisha mtindo wa mavazi ukabadilika tena. Spandeksi, uzi wa kunyumbuka uliobuniwa katika maabara ya DuPont mwaka wa 1958, ulitiwa katika jinzi ili zibane mwili, na kufikia miaka ya 1990 haikuwa rahisi tena kupata robota la vipande lisilokuwa nao. Uzi huo haushikani na wenzake katika karatasi, hupunguza nguvu yake, na hauwezi kutolewa. Mwanzoni mwa karne hii Dalton iliachana na jinzi.

Tangu hapo pamba ya noti hutoka mahali pawili zaidi, na popote pale ni masalio. La kwanza ni vinyuzi vinavyoanguka katika mashine ya chanuo. Kiwanda kinachosokota uzi mzuri huichana pamba ili nyuzi ndefu zilale sambamba, na zile fupi, zisizofaa uzi wa shati la thamani, hutolewa na kufungwa robota. Kwa karatasi urefu wake unatosha kabisa. La pili ni manyoya ya mbegu. Aliyepata kusimama nje ya kinu cha kuchambulia pamba katika Usukuma, mahali ambapo pamba mbegu huingia upande mmoja na pamba nyuzi hutoka upande wa pili, anajua kwamba mbegu inayomwagwa kwenda kukamuliwa mafuta haitoki uchi, bali imevikwa utando mfupi wa kijivujivu unaonata kidoleni. Katika nchi zenye mashine za kazi hiyo, utando huo hukwanguliwa kwa misumeno midogo kabla ya mbegu kukamuliwa, na ni selulosi safi sana ikiisha kupikwa. Utando huo huo ulitumika katika Vita Kuu kutengenezea baruti.

Hata hivyo dola na sarafu nyingine za pamba sasa zina mshindani. Australia ilitoa noti ya plastiki mwaka wa 1988, na kufikia 1996 noti zake zote zilikuwa za plastiki. Benki ya Uingereza ilifuata kwa pauni tano katika mwaka wa 2016, na noti zake za mwisho za karatasi, za pauni 20 na 50, ziliondolewa katika malipo halali tarehe 30 Septemba 2022. Kinu cha Overton, mrithi wa kazi ya Henri de Portal, kilifungwa mwaka huo huo. Nchi zinazotumia yuro zimebaki na pamba tupu. India nayo, ambayo wafumaji wake waliivika pwani yetu karne nyingi kabla ya merikani, imebaki na pamba: karatasi ya rupia hutengenezwa Hoshangabad tangu miaka ya 1960, na sasa Mysuru pia, kwa vinyuzi vya chanuo kutoka viwanda vya kusokota vya India yenyewe.